Besi Haiji Bure

Mafundi redio wa kwetu wana msemo juu ya aina fulani ya spika. Husema: "Hii inakula amplifaya." Maana yake ni kwamba ukiiunga kwenye amplifaya ya kawaida, ama sauti itatoka dhaifu isiyo na uhai, ama amplifaya itapata moto mpaka ikate fyuzi, ama mwisho transista zake zitaungua. Mwenye mali akisikia hivyo huondoka na imani kwamba spika yake ni mbovu, au kwamba aliyeiunda hakujua kazi. Katika kurasa hizi nataka kuonyesha kinyume. Spika nyingi za zamani zenye sifa hiyo hazikuwa ngumu kwa bahati mbaya. Waliozitengeneza waliamua kumpa msikilizaji kitu alichokikosa kwa miaka mingi, na kwa kuwa kitu hicho kina gharama, wakaihamisha gharama ile kutoka kwenye sanduku la spika wakaipeleka kwenye amplifaya. Anayezitafutia spika hizo amplifaya leo ni kama mrithi aliyeletewa deni la wazee. Yafaa kwanza ajue deni lilikopwa wapi, na kwa ajili gani.

Mimi nililazimika kulifikiria jambo hili kwa sababu ya jozi moja ya spika aina ya AR-3a, aliyorudi nayo marehemu mjomba wangu kutoka masomoni Boston mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 24. Zilikaa sebuleni kwake Morogoro miaka mingi, zikipiga santuri za Morogoro Jazz kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alipofariki, amplifaya yake ilikuwa imekufa zamani, na mjane wake akaniuliza swali ambalo lilihitaji jibu: "Mwanangu, hivi vitu vinakaa au vinakwenda?" Mnunuzi alikuwepo, tena aliyataka masanduku tu, kwa ajili ya mbao zake nzuri za mwalnati. Kabla ya kujibu ilinibidi nijue ni kitu gani hasa tulichokuwa nacho.

Tuanze mbali kidogo. Katika miaka ya 1930 na 1940, amplifaya ya nyumbani ilikuwa ya valvu, yaani zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama taa hafifu, na nguvu yake ilikuwa wati chache tu. Kwa kuwa wati zilikuwa haba, spika ilibidi iwe karimu: ipewe kidogo, itoe kingi. Mfano mashuhuri ni Klipschorn, aliyoileta sokoni Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, mwaka 1946. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na ilitumia pembe ya chumba yenyewe kuwa sehemu ya baragumu lake. Kwa wati moja tu iliweza kuwafanya watu wapaze sauti ili wasikilizane. Lakini nani ana nyumba ya kuweka kabati la namna hiyo? Aliyetaka besi ya kweli alipaswa kutoa kona ya sebule yake, na aliyekosa kona alikosa besi.

Mtu aliyeligeuza jambo hili ni Edgar Villchur, mwalimu aliyekuwa akifundisha mambo ya sauti katika Chuo Kikuu cha New York. Villchur alitazama tatizo ambalo wenzake walilizoea. Koni ya spika, ile karatasi inayosukuma hewa, hushikiliwa na kingo zake ili irudi mahali pake kila inapokwenda mbele au nyuma. Kingo hizo ni kama springi, na springi ya aina hiyo haina adabu: ikivutwa kidogo hutii, ikivutwa sana hubisha, na kubisha kwake ndiko tunakosikia kama besi iliyochafuka. Villchur akaona kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku lisilovuja nayo ni springi, tena springi yenye adabu kuliko ya kitambaa au karatasi. Basi akailegeza koni kabisa, akaifunga kwenye sanduku dogo lililozibwa, akaiachia hewa kazi ya kuirudisha. Mmoja wa wanafunzi wake, Henry Kloss, alikuwa na karakana huko Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1954 wakaanzisha pamoja kampuni ya Acoustic Research, na mwaka huohuo ikatoka spika ya AR-1. Ilikuwa ndogo kiasi cha kukaa kwenye rafu ya vitabu, na besi yake ilishuka chini kuliko ya makabati mengi yaliyokuwa yakiuzwa wakati ule.

Msomaji atauliza: kama dawa ilikuwa rahisi hivyo, hasara iko wapi? Jibu liliwekwa katika kanuni na mtu mwingine wa kundi lilelile, J. Anton Hofmann, mtoto wa mpiga piano Josef Hofmann. Mwaka 1957 yeye pamoja na Kloss na Malcolm Low walianzisha kampuni ya KLH, na herufi ya mwisho ya jina hilo ni yake. Kanuni yake, ambayo mafundi wa ng'ambo huiita sheria ya chuma, inasema kwamba mwenye kuunda spika anatamani vitu vitatu: sanduku dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa kila wati. Maumbile yatampa viwili, cha tatu yatamnyima. Tena hesabu yake ni kali. Ukitaka besi ishuke hadi nusu ya mitetemo ya kwanza bila kupoteza ukarimu wa spika, sanduku halina budi likue mara 8. Villchur alichagua udogo na besi. Alichokitoa mhanga ni ukarimu. Kile ambacho Klipschorn ilikifanya kwa wati moja, spika za Acoustic Research zilihitaji wati 50 au zaidi kukifanya.

Hapa ndipo deni lilipokopwa. Na lilikopwa wakati wa kufaa, kwa sababu mwaka 1958 santuri za stirio zilienea madukani, na stirio inadai spika mbili. Mwenye nyumba aliyekuwa tayari kutoa kona moja hakuwa tayari kutoa mbili. Spika ndogo zikashinda. Mwaka huohuo Acoustic Research ikatoa AR-3, ambayo kwa mara ya kwanza katika spika ya nyumbani ilitumia vikuba vidogo badala ya koni kwa sauti za kati na za juu, na mwaka 1967 ikafuata AR-3a, zile za mjomba: besi ya inchi 12, kikuba cha kati cha inchi moja na nusu, na kikuba cha juu cha robo tatu ya inchi, kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Ukinzani wake uliandikwa omu 4, na mahali pengine unashuka karibu na omu 3.

Neno hili omu lina maana kubwa kuliko wati, nami naomba msomaji alivumilie. Omu ni kipimo cha jinsi kifaa kinavyougomea umeme kupita. Spika ya omu 8 ni kama bomba la wastani, na ya omu 4 ni bomba pana. Pampu ileile ikiwekewa bomba pana itatakiwa kutoa maji mengi zaidi kwa dakika, na kama haikuumbwa kwa kazi hiyo, itachoka. Tuchukue amplifaya ya wati 50 kwa omu 8. Ili kutoa wati hizo inasukuma volti 20 na mkondo wa ampea 2.5. Iunge sasa kwenye omu 4: volti zilezile 20 zinadai ampea 5. Spika ikishuka omu 3, dai linakaribia ampea 7. Sauti haijaongezwa hata kidogo kwenye kitufe, lakini mzigo umezidi mara mbili na nusu.

La ajabu ni kwamba zama za valvu jambo hili halikuwa tatizo kubwa. Amplifaya ya valvu ina transfoma kati ya valvu na spika, na nyuma yake huwa na skrubu zilizoandikwa 4, 8 na 16. Mwenye spika ya omu 4 aliunga kwenye 4, na transfoma ikapatanisha pande mbili kama mshenga. Kilichohitajika ni wati za kutosha tu, na hizo zilianza kupatikana. Mwaka 1959 kampuni ya Dynaco ya David Hafler ilitoa Stereo 70, amplifaya ya wati 35 kila upande, iliyouzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe nyumbani, kwa bei ya chini ya dola 100. Ndoa ya Dynaco na Acoustic Research ilikuwa mashuhuri. Kampuni hizo mbili ziliandaa maonyesho ambamo kundi la Fine Arts Quartet, wapigaji wanne wa fidla na ndugu zake, lilipiga muziki jukwaani, kisha katikati ya wimbo wakaendelea kusogeza nyuta hewani huku spika za AR-3 zikipokea kwa sauti iliyorekodiwa. Wasikilizaji wengi hawakutambua mahali pa kubadilishana. Spika iliyoitwa baadaye ngumu haikuonekana ngumu siku zile, kwa sababu ilikuwa na mwenzake aliyeijua.

Ugumu uliingia pamoja na transista. Katika miaka ya 1960 transista iliahidi mengi: haihitaji kupashwa moto, ni nyepesi, haichoki kama valvu. Tena iliwaruhusu waundaji kuitupa ile transfoma nzito ya mwisho, ambayo ilikuwa ghali. Lakini mshenga alipoondoka, pande mbili zikabaki uso kwa uso. Transista za mwanzo hazikupenda mkondo mkubwa na volti kubwa kwa wakati mmoja, na spika ya omu 4 iliwaletea yote mawili. Nyingi ziliungua kimyakimya, kwa sekunde moja tu, kabla hata fyuzi haijajua la kufanya. Hapo ndipo ulipozaliwa msemo wa kula amplifaya.

Acoustic Research wenyewe walilitambua hilo. Mwaka 1967 walitoa amplifaya yao wenyewe ya transista, ya wati 50 kila upande kwa omu 8 na wati 60 kwa omu 4. Tazama tarakimu hizo kwa makini: wameandika za omu 4, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiuza spika za omu 4. Mwaka huohuo kampuni ya Crown ilitoa DC-300, iliyokuwa na nguvu mara tatu ya hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bob Carver akatoa Phase Linear 700 yenye wati 350 kila upande. Mlango wa nguvu ulifunguka, na hatari ya upande wa pili ikaingia. Kile kikuba cha robo tatu ya inchi hakikuumbwa kumeza nguvu za namna hiyo. Acoustic Research iliwashauri wateja wake waweke fyuzi kwenye waya za spika, na ushauri huo haujazeeka.

Pamoja na nguvu za kweli zilikuja nguvu za uongo. Kila muuzaji alipima wati kwa njia iliyompendeza, wengine kwa kilele cha nukta moja ya sekunde, wengine kwa kujumlisha pande zote. Mwaka 1974 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuwalazimisha watangaze wati za kudumu, zilizopimwa amplifaya ikiwa imekwisha kupata moto. Kanuni hiyo ilipitiwa upya mwaka 2024, na sasa inataka kipimo cha omu 8. Ni jambo jema kwa mnunuzi wa kawaida, kwani linamwezesha kulinganisha. Lakini mwenye spika ngumu bado hajajibiwa. Yeye hana omu 8. Amplifaya mbili zinaweza kuwa sawa kabisa kwa omu 8, kisha kwa omu 4 moja ikatoa karibu mara mbili na nyingine ikazimika. Tofauti yao imo ndani: ukubwa wa transfoma ya umeme, wingi wa transista za mwisho, na unene wa vyuma vya kupozea. Ndiyo maana wazee wa kazi hii hupima amplifaya kwa kuinyanyua kwanza.

Nisije nikaeleweka kwamba tiba ya kila spika ngumu ni nguvu nyingi. Uingereza ilitoa mfano wa kutuonya. Mwaka 1957 Peter Walker wa Huntingdon alianza kuuza Quad ESL, spika isiyo na koni wala sumaku. Ndani yake kuna utando mwembamba sana wa plastiki, uliochajiwa maelfu ya volti, unaotikisika kati ya vibao viwili vyenye matundu. Kwa usafi wa sauti ya binadamu wengi waliona haina mwenziwe. Nayo ni ngumu, lakini ugumu wake umegeuzwa: kwenye besi ukinzani wake unapita omu 30, na kwenye sauti nyembamba kabisa unaanguka karibu na omu 2. Na ukiipa zaidi ya volti 33 za kilele, umeme huruka ndani kama radi ndogo na kuutoboa utando. Walker aliiunda ikiwa na mwenzake tayari, amplifaya ya valvu ya Quad II ya wati 15 tu. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni yake ilipotoa Quad 405 ya wati 100, iliwawekea wenye spika za zamani kizuizi cha kupunguza nguvu hiyo. AR-3a hufa njaa ikipewa kidogo, na ESL hupasuka tumbo ikipewa kingi. Zote mbili huitwa ngumu kwa neno moja.

Nirudi kwenye jozi ya Morogoro. Kwanza nilihakikisha ni ngumu kwa asili, si kwa ugonjwa. Spika za umri ule huwa na kapasita zilizozeeka, vitufe vya kurekebisha sauti vilivyoshika kutu, na katika zile za baadaye, kingo za sponji zinazomomonyoka kama keki kavu. Hayo yote yalitengenezwa kabla ya kuzungumza habari za amplifaya. Fundi mmoja alitoa shauri lililosikika la busara: tuunge rizista ya omu 4 mfululizo na kila spika, ili amplifaya yoyote ione omu 8. Ni kweli ingeona omu 8. Lakini nusu ya nguvu ingeishia kupasha moto rizista, na kwa kuwa ukinzani wa spika hupanda na kushuka kufuatana na sauti, besi ingevimba mahali pasipotakiwa. Tungekuwa tumelipa deni kwa kuharibu kile kilichokopewa deni. Kutafuta amplifaya ya zamani kutoka Marekani nako kulikuwa na kikwazo chake, kwani nyingi zimefungwa kwa volti 117, na umeme wetu ni 230. Ingehitaji transfoma nyingine nzito ya kuishusha, pamoja na kapasita mpya za umri wa mjukuu.

Tulichochagua ni amplifaya ya siku hizi ya aina iitwayo daraja la D. Ndani yake transista hazikai nusu wazi zikitoa joto, bali hufunguka na kufunga kabisa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo mkondo mkubwa hauwapi taabu ile ya zamani. Sikuichagua kwa upya wake. Niliichagua kwa sababu kitabu chake kiliandika wazi wati zake kwa omu 8 na kwa omu 4 kandokando, na za omu 4 zilikuwa karibu mara mbili: 60 na 110. Maana yake ni kwamba mkondo upo. Acoustic Research walitaka angalau wati 25 kila upande. Tukawa na akiba ya kutosha, maana amplifaya ndogo ikisukumwa hadi ukomo wake hukata vilele vya muziki, na sauti nyembamba ikapata sehemu kubwa kuliko ilivyokusudiwa, na mwathirika wa kwanza ni kikuba kile ambacho kiwanda kilikwisha kuacha kukitengeneza. Tukaweka na fyuzi.

Kwa hiyo nilimjibu mjane wa mjomba kwamba vinakaa. AR-3 imo katika jumba la makumbusho la historia ya Marekani huko Washington, na huko haipigi chochote. Hizi zinapiga. Gitaa la besi la Morogoro Jazz linatoka kwenye sanduku lile kama lilivyokusudiwa kutoka, na anayeketi sebuleni haoni wala transfoma wala hesabu za Hofmann.

Nimejifunza kutoka katika historia hii kutoharakisha kukiita kitu kigumu. Mara nyingi kitu kigumu ni kile kilichofanywa chepesi upande mmoja, na uzito wake ukapelekwa upande mwingine ambako hatukutazama. Villchur aliirudisha kona ya sebule kwa mwenye nyumba, na malipo yakahamia kwa muunda amplifaya. Muunda amplifaya aliitupa transfoma ili apunguze bei, na malipo yakahamia kwa transista. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Anayekuja mwisho, miaka 50 baadaye, ndiye anayekabidhiwa hesabu yote, na akiwa na subira ya kuisoma kabla ya kufungua mfuko, ataona kwamba si kubwa kama alivyotishwa. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wasifu wati ni wengi. Wewe uliza ampea.